Taa za mbele zimefifia? Soma hii kabla ukimbilie LED za Grogan

Mimi naendesha Vitz na nyumbani ni Kamulu, so kila jioni ni Kangundo Road, na mwenye anaijua hiyo barabara ukishapita Ruai anajua vile giza hukaa huko, nduthi bila taa ya nyuma, watu wanatembea kando ya lami na nguo nyeusi, punda pia. Taa zangu zilikuwa zimefifia mpaka mtu namwona akishakuwa karibu na bampa. Nikafanya kile kila mtu hufanya, nikaingia Kirinyaga Road, ile watu wazima bado tunaita Grogan, jamaa akaniambia mkubwa wachana na hizo balbu za njano, weka LED, hizi ni lumeni elfu ishirini (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga). Nikatoa elfu nne mia tano, akanifungia hapo hapo kando ya barabara dakika kumi hivi, nikaenda nyumbani nikijiona mjanja kweli.

Kilichofuata ni kupigwa fulu, ile taa ya mbali. Matatu, lori, hata mzee mmoja wa pikapu amebeba nyasi ya ng'ombe. Mimi nikadhani watu wameingiwa na roho mbaya tu, mpaka Jumamosi moja ndugu yangu akaendesha hiyo Vitz mimi nikiwa mbele yake na gari ya kazi. Niliangalia kioo cha kati nikaona jua mbili za bluu, namba pleti sikuiona, indiketa ikiwaka sikuiona, hata kama ni Vitz ama ni lori singejua. Na hapo alikuwa ameweka dimu, ile taa ya kushushwa! Nilimpigia simu nikamwambia asimame.

So hii ni vile nilirudi nikaanza upya, kwa mpangilio ule ningefaa kufuata tangu mwanzo. Gari nyingi za hapa kwetu mwanga ziko nao wa kutosha, ni vile unapotea njiani kabla ufike barabarani, ama unaenda kwa macho ya wenzako.

Anza kwa kujua uko na taa gani. Fungua bonneti usome balbu imeandikwa nini. Vitz za zamani, Probox na gari nyingi ndogo za Japani ziko na H4, balbu moja yenye nyuzi mbili ndani, ya fulu wati 60 na ya dimu wati 55. Zingine ni H7, H11, HB3, HB4, na hapo mara nyingi dimu na fulu ni balbu mbili tofauti. Sasa toa hiyo H4, taa zikiwa zimepoa tafadhali, uiinue kwa mwanga uiangalie vizuri. Chini ya uzi wa dimu utaona kitu kama kijiko kidogo cha chuma. Hicho kijiko ndicho kinazuia mwanga usigonge nusu ya chini ya ile sahani ya kung'aa iliyo ndani ya taa, ju ukigonga huko utarushwa juu, moja kwa moja kwa macho ya mwenye anakuja. Hiyo sahani yote imepigiwa hesabu ya uzi mwembamba uliokaa mahali pamoja, na ukiusogeza hata milimita moja, kule barabarani mambo yanabadilika kabisa.

LED ya kubadilisha haina uzi. Iko na vichipu vimebandikwa pande mbili za kibao cha chuma, na kibao kina unene wake, so mwanga unaanzia mahali sahani haikutarajia. Ukipiga ukutani unaona umemwagika kila mahali, hapo chini mbele ya gari pameng'aa kama uwanja wa mpira, na mbali kule unataka kuona hakuna kitu. Hii ndiyo inadanganya watu. Macho yakiona lami ya karibu imeng'aa yanajifunga kidogo, unafurahi ati sasa naona, na kumbe kile kiko mita 60 mbele yako kimepotea. Na hizo lumeni 20,000 ni hadithi za abunuwasi. Seti kama ile inakula wati 30 ama 40, na LED nzuri ni lumeni 100 hadi 150 kwa wati moja, piga hesabu mwenyewe.

HID (balbu za gesi, zile wengine huita xenon) ndani ya taa ya halojeni, yaani hizi zetu za balbu ya uzi, ni mbaya zaidi. Balbu ya HID ya wati 35 inatoa karibu lumeni 3,200 na dimu ya H4 inatoa karibu 1,000, so umeongeza mwanga mara tatu kwa nyumba (taa yenyewe na sahani na lenzi yake) haijui kuupanga. Ulaya gari ikitoka kiwandani na taa za dimu za kupita lumeni 2,000, inalazimishwa kuwa na mtambo wa kushusha taa yenyewe mzigo ukiongezeka, na ya kuoshea lenzi pia, kwa sababu hata vumbi kwa lenzi inatawanya mwanga. Sasa fikiria hiyo balbu kwa Probox ya miraa.

Haya, kazi yenyewe. Kitu cha kwanza usinunue chochote, angalia lenzi. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na tuko karibu kabisa na ikweta, jua letu linachoma plastiki vibaya. Taa ikishageuka njano ama ikawa na ukungu, hakuna balbu itakuokoa, mwanga unagonga ile ngozi mbovu unatawanyika, na huko kutawanyika ndiko kunachoma wenzako. Dawa ya meno inang'arisha wiki mbili halafu mnarudi pale pale. Fanya hivi: bandika selotepu ya wapaka rangi kuzunguka taa usikwaruze bodi, chukua msasa wa maji namba 1000 (kama imeharibika sana anza na 800), lowesha, sugua upande mmoja, kisha 1500 ukisugua kwa kukata ule mwelekeo wa kwanza, kisha 2000, na 3000 ukipata. Usiogope ikikaa nyeupe kama maziwa, ni kawaida. Maliza na polishi ya kukatia rangi kwa kitambaa. Halafu, na hapa ndipo mafundi wengi huruka, paka klia (vanishi isiyo na rangi) yenye kinga ya jua, ile ya kupuliza ya taa ama ya kupaka na kitambaa. Usipoweka hiyo, ngozi ya kiwandani umeshaitoa, ndani ya miezi michache itakuwa njano kuliko mwanzo. Yangu ilinichukua Jumapili nzima asubuhi na mikono iliuma, lakini nusu ya shida ilikwisha hapo tu, kabla niguse balbu.

Pia chungulia ndani. Kama ile sahani ya kung'aa imebabuka ama imegeuka kijivu, hapo hakuna dawa, tafuta taa nzima ya ex-Japan ya modeli yako. Ukinunua taa nzima kuwa makini na kitu kimoja: sisi tunaendesha kushoto kama Wajapani na Waingereza, so dimu yetu inapanda kidogo upande wa kushoto kumulika kando ya barabara. Gari za hapa nyingi hazina shida hiyo ju KEBS, shirika letu la viwango, kwa ile kanuni yake ya magari ya KS 1515 inataka usukani wa kulia, lakini taa peke yake inaweza kutoka popote, na ukifungiwa ile ya nchi za kuendesha kulia, itapanda kulia, yaani kwa uso wa mwenye anakuja, na hakuna kuseti kutairekebisha.

Cha pili ni moto, yaani umeme, unaofika kwa balbu. Hii watu wengi hawajui na ndio ilinishangaza. Mwanga wa halojeni unashuka haraka kuliko volti, ukipoteza asilimia 10 ya volti unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Chukua multimita, ama fundi wa waya akupimie, injini ikinguruma na dimu ikiwaka. Pima betri kwanza, inafaa kuwa kama 13.8 hadi 14.4. Halafu pima nyuma ya soketi ya balbu, pini kwa pini. Usipime pini na bodi ya gari, kuna Toyota kadhaa zinawashia upande wa negativu, itakuchanganya. Yangu betri ilikuwa 14.0 na kwa balbu ya kushoto 12.4. Volti moja na nusu imepotelea kwa waya! Tulipofuata tukapata pale waya ya negativu imefungwa kwa bodi pameota kutu ya kijani, tukafungua, tukapiga msasa mpaka chuma ikang'aa, tukafunga tena na grisi kidogo, ikapanda 13.2. Bei ya hiyo kazi ilikuwa soda. Kama baada ya kusafisha bado unapoteza zaidi ya nusu volti, fundi akufungie relei mbili, moja ya dimu na moja ya fulu, waya mpya wa unene wa 2.5 (milimita za mraba) kutoka betri, na fyuzi iwe karibu na betri, si karibu na taa. Akikwambia fyuzi si lazima, tafuta fundi mwingine.

Cha tatu ndio balbu. Chukua halojeni ya wati zile zile 60/55 kutoka kampuni inajulikana, kama Osram ama Philips, na ununue kwa duka lenye linakupa risiti ju feki zimejaa tao. Kuna zile zimeandikwa asilimia 100 ama 130 zaidi, uzi wake umebanwa ukaangaza mbali, ni halali na hazichomi mtu, ubaya ni zinaungua mapema. Mimi niliweka hizo. Wacha zile za kioo cha bluu, hicho kioo kinachuja mwanga kinapunguza, unalipa zaidi uone kidogo. Na wacha kabisa zile za wati 100/90, soketi inayeyuka, nimeona moja imeshikana na balbu kama chapati imeungulia kwa pani. Badilisha zote mbili pamoja, na usishike kioo na vidole, mafuta ya mkono yanafanya mahali hapo pachemke zaidi balbu ife mapema. Shika kwa chuma ama na tishu. Ukirudisha, kile kifuniko cha raba kikae vizuri, hapo ndipo maji huingilia.

Kuhusu rangi, halojeni iko kama kelvini 3,200 (kipimo cha rangi ya mwanga, kikipanda inaenda bluu), HID za kiwandani 4,300, na zile za bluu zinazopendwa ni 6,000 hadi 8,000. Bluu haimaanishi kali. Mvua ikinyesha, ile ya Aprili unajua, mwanga wa bluu unarudi kwako tu, na lami iliyolowa inameza uliobaki. Kama umewahi kupita Limuru ama Kinungi usiku na ukungu ukiwa na hizo taa za 8,000 basi sina haja ya kukueleza.

Sasa, kuna mtu atasema lakini mimi nataka LED na pesa iko. Sawa, iko njia ya heshima. Badilisha nyumba nzima, uweke projekta, ile ya lenzi ya duara iliyo na kizuizi ndani kinachokata mwanga kwa mstari ulionyooka. Ziko za LED za dimu na fulu kwa moja. Ama kama modeli yako Japani ilitoka na toleo la HID, tafuta zile taa zenyewe nzima ex-Japan na vifaa vyake. Kazi ya projekta inahitaji fundi mtulivu: taa inapashwa moto gundi ilainike, inafunguliwa, projekta inakaa wima bila kuinama hata kidogo, inafungwa na gundi mpya pande zote. Uliza akuonyeshe moja alifanya mwaka uliopita, sio ya jana. Ikiwa na matone ndani, toka hapo. LED ya kuchomeka tu kwa nyumba ya halojeni, hata Ujerumani walikubali ya kwanza, ya Osram, mwaka 2020, na hata hiyo ni kwa modeli za gari zilizopimwa zikawekwa kwa orodha. Hizi zetu za pakiti nyeusi hakuna mtu amezipima.

Haya, kuseti. Hata ukiruka hayo yote, hii usiruke, ju taa nzuri imeinuka inachoma kuliko mbaya.

Tafuta mahali pako sawa na kuna ukuta. Mimi nilitumia parking ya estate, askari akakuja kuuliza boss unatafuta nini na hiyo ukuta saa mbili usiku, nikamwelezea, akakaa kunisaidia kushikilia tepu. Jaza upepo wa tairi vile inafaa, mafuta nusu tanki, toa mizigo, na mtu akae kiti cha dereva kwa sababu uzito wako unabadilisha. Ile roda ndogo kwa dashibodi yenye namba 0 mpaka 4 ama 5, weka 0. Sogeza gari karibu kabisa na ukuta, weka alama na tepu pale katikati ya kila taa inagonga, kwa urefu na kwa upana. Sasa rudi nyuma mita 5 kamili, upime, usikisie. Kwa ukuta chora mstari mwingine sentimita 5 chini ya ule wa kwanza. Hiyo ni kushuka kwa asilimia 1, sentimita moja kila mita, na kama uko na nafasi ya mita 10 basi ni sentimita 10, na inakuwa sahihi zaidi.

Washa dimu. Funika taa moja na kipande cha boksi, usikiache muda mrefu lenzi isichemke. Utaona mstari wa mwanga, sehemu ya kulia imelala bapa, na kutoka katikati unapanda kushoto. Ile bapa ilale kwenye mstari wako wa chini, na ile kona inapoanzia kupanda ikae sawa na alama ya katikati ya taa hiyo. Skrubu ziko nyuma ya taa, mara nyingi kuna tundu bisibisi ya staa inaingia inazungusha meno ya plastiki, moja ni ya juu na chini, ingine ya kushoto na kulia. Zungusha robo robo. Zikikwama usilazimishe, plastiki ya miaka 12 ikivunjika umenunua taa. Kwa H4 ukishaseti dimu, fulu inafuata yenyewe. Kama hiyo mstari huioni kabisa, ni wingu tu la mwanga, balbu imeingia vibaya ama ni zile LED tulizungumzia, na hapo hakuna kuseti.

Wale wameinua gari na spesa ju ya matuta za estate, rudieni hii kazi. Ikiinuliwa mbele peke yake taa zinaangalia mawingu. Na hiyo roda ya dashibodi si pambo, ukibeba watu watatu nyuma na magunia ya viazi kwa buti, matako ya gari yanashuka taa zinapanda, zungusha mpaka 2 ama 3. Nafikiri nusu ya Probox za Nairobi hazijawahi kuguswa hapo tangu zitoke meli.

Kisheria sitakuchosha. Mbele ni nyeupe ama ile ya njano ya kawaida, nyuma ni nyekundu, na taa za mbele lazima ziweze kushuka dimu ukikutana na gari. Nyekundu na bluu za kumetameta wachia polisi na ambulensi, najua matatu zinaweka, lakini uliza wenyewe wanatoa ngapi kwa wiki. Matatu na gari za biashara zinaenda inspekshoni ya NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kila mwaka, na ukifika kituo chao cha Likoni Road na taa zimetawanyika utarudishwa. Sisi wa gari za kibinafsi mara nyingi ni pale barabarani, na afande akikusimamisha usiku taa zikiwa zinamchoma machoni umeshaanza maongezi vibaya. Zile taa ndefu za LED juu ya bampa ni za shamba na porini, kwa lami zizime na uzifunike. Fogi nazo ni za ukungu, sio za Waiyaki Way saa moja jioni.

Na fulu jameni tushushe mapema, sio mpaka mtu akupigie. Kwa kilomita 80 kwa saa gari inaenda mita 22 kila sekunde, mtu ukimpofusha sekunde 3 ametembea mita 66 akikisia, na wewe ndiye uko mbele yake.

Ukimaliza yote, jaribu vile mimi niligundua: mtu aendeshe gari yako nyuma yako usiku na dimu, umbali wa kama mita 30, uangalie kioo bila kukishusha. Ukiweza kuona indiketa yake ikiwaka na macho hayakusukumi utazame kando, iko sawa. Yangu safari hii niliona mpaka ndugu yangu anakula mahindi choma akiendesha, tukagombana kuhusu hiyo badala ya taa. Baada ya wiki moja fungua bonneti uguse soketi taa zikiwa zimewaka kwa muda, ikiwa moto kupita kiasi cha kushika kuna mahali hapajakaza. Na zile balbu za zamani kama bado zinawaka zifunge na tishu uweke kwa droo ya dashibodi, kuunguliwa na balbu Joska saa nne usiku si mchezo.